Upande wa Pili wa Karatasi ya Dawa

Saint-Josse, Jumamosi asubuhi

Mama Zawadi, mke wangu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na mbili kwamba barua isiyo na salamu ni sawa na mgeni anayeingia ndani bila kupiga hodi. Leo ninashindwa. Hali yako siwezi kukuuliza, na yangu nikiiandika kama ilivyo utasema nimezidisha. Kwa hiyo naanza na kilicho mbele ya macho yangu: sufuria yako kubwa iko jikoni, ndani yake mna sombe, na sikuifunika.

Unaona, nimekumbuka. Ulikuwa ukiniambia, "Sombe habafunikake, Mwalimu. Acha ile mupepo mubaya itoke kwanza." Nami kila mara nilikusahihisha: sema haifunikwi, sema upepo mbaya, na tena kwetu ni kisamvu. Ulicheka ukaendelea kukoroga. Juzi nimeelezwa na mtu mwenye elimu hiyo kwamba jani bichi la muhogo lina sumu, na kwamba sumu hiyo likichemshwa hutoka pamoja na mvuke. Katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa sikuwahi kukuuliza huo mupepo ni kitu gani. Nilisikia makosa tu. Katika barua hii nitaiita sombe, kama ulivyoiita wewe.

Inahitaji zaidi ya saa moja kuiva. Huo ndio muda niliojipa wa kuandika. Ikiiva nitaitia katika kisanduku chako cha plastiki chenye kifuniko cha bluu, nitapanda metro hadi Anderlecht, mtaa wa mbali katika mji huu huu, kwa binti yetu Zawadi, nami nitamwambia ni nani aliyekuua. Nisipoweza kuliandika hapa sitaweza kulisema kule. Nimeshashindwa mara mbili.

Ni miezi mitano tangu uondoke. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijivu. Duka la kufulia lililo chini yetu limeleta mashine mpya, na zile mbili mbovu ulizokuwa ukizipiga teke zimeondolewa. Bado nashuka na mfuko wangu, shati moja na taulo moja, nakaa kwenye benchi na kukuachia nafasi upande wa dirisha. Wanawake wa kanisani walikuja kwa miezi miwili, kisha wakaacha. Siwalaumu. Nilikuwa nawafungulia mlango, kisha nawatazama tu mpaka wanaaga. Zawadi naye alikuwa akija kila Jumapili. Sasa haji. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, na nitalieleza kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio nitaanza kupiga kelele katika nyumba hii.

Ulipofanyiwa upasuaji wa moyo, miaka saba iliyopita, walikuwekea vali ya kutengenezwa. Ilikuwa na mlio mdogo, nami niliusikia kila chumba kilipokuwa kimya. Wakakuambia kwamba utameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote. Kila mwezi daktari wa mtaa alitoa damu, akaipima, akaongeza nusu kidonge au akapunguza. Na katika miaka hiyo yote ulikula sombe, ukala matembele, ukala lengalenga, mchicha wa kwenu, kila ulipoyakuta sokoni, mara nne au tano kwa wiki. Vipimo vyako vilikuwa vizuri. Daktari alikuwa akisema, "Très bien, madame, on ne change rien." Vizuri sana, hatubadilishi kitu. Hata mimi, na Kifaransa changu cha kamusi, nilikuwa nimekwisha kuielewa sentensi hiyo.

Kisha tukaenda kwenye matanga ya Papa Honoré wa kanisani. Unakumbuka: naye alimeza dawa kama yako, damu ikaganda, akafa. Wanawake waliokuwa wakigawa chakula walisema, "Sombe njo ilimuua. Alikuwa anakula sombe kama mbuzi!" Ulijifunika mdomo kwa kitenge ukacheka, tena matangani. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani kwa tramu huku nikikutazama katika kioo cha dirisha. Niliogopa, Mama Zawadi. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Nilikuwa mkali kwa sababu niliogopa. Sikujua namna nyingine ya kuogopa.

Kesho yake nilifungua boksi la dawa yako nikatoa ile karatasi ya maelezo. Ni nyembamba kama karatasi ya Biblia, imekunjwa mara nyingi, na maandishi yake ni madogo mno. Nilikaa mezani na kamusi, miwani na kalamu yangu nyekundu. Nilisoma siku mbili. Nikafika kwenye mstari unaosema kwamba mboga za majani zenye vitamini K kwa wingi hupunguza nguvu ya dawa hii. Nikaupigia mstari mwekundu, na chini yake mstari wa pili. Hapo nikaweka kalamu chini. Karatasi ilikuwa na upande wa pili, nami sikuugeuza. Nilikuwa nimepata kanuni niliyoitafuta.

Nikaandika orodha kwa herufi kubwa: VYAKULA VILIVYOPIGWA MARUFUKU. Nikaibandika kwenye friji. Ulisimama mbele yake mikono kiunoni. "Unanikataza sombe? Sasa nitakula nini, chaki?" Nikajibu kwamba kanuni ni kanuni. Uliisoma yote mpaka chini. Kisha ukasema, "Bon. Mwalimu amesema."

Ukatii.

Hukuwahi kunitii, wewe. Nilikukataza redio jikoni, ukaweka redio jikoni. Nilikukataza kumwita mtoto kwa kumpigia makofi, ukampigia makofi mpaka akawa mtu mzima. Nilikukataza kusema "muntu" mbele ya wageni, ukalisema kwa sauti zaidi, ukinikonyeza. Kwa nini ulinitii katika hili? Nimekaa kwenye kiti hiki usiku na mchana na swali hilo. Ungenidanganya. Ungepika nikiwa chini nafua. Mbona siku zote ulikuwa mkaidi, na mara hii tu ukawa mke mtiifu?

Damu yako ilikuwa imepimwa siku chache kabla ya orodha yangu. Kipimo cha pili kilikuwa baada ya wiki nne. Hukuzifikisha.

Wiki ya pili ufizi ulianza kutoka damu ulipopiga mswaki. Nilisema unasugua kwa nguvu mno. Wiki ya tatu mkono wako ulikuwa na alama kubwa ya zambarau juu ya kiwiko. Nilisema umejigonga kwenye kabati. Uliniuliza, "Nimuite docteur?" Nami nikasema tusimsumbue mtu, kipimo ki karibu. Niliyasema hayo huku nikisoma gazeti. Sikukutazama.

Jumapili ile ulikuwa ukipiga pasi blauzi ya kanisani. Ukasema, "Kichwa." Neno hilo moja. Kisha ukaanguka. Pasi ilikuwa imelalia blauzi na moshi ulikuwa unatoka, nami niliinua pasi kwanza. Niliinua pasi kwanza, nikaichomoa, nikaisimamisha mahali pake, ndipo nikapiga magoti kwako. Sijui kwa nini. Sijamwambia mtu yeyote jambo hilo.

Hospitalini daktari alisema damu inavuja ndani ya kichwa na haitaki kuganda kabisa. Akauliza kama kuna kitu kilichobadilika: dawa mpya, chakula, chochote. Zawadi alikuwa anatafsiri. Nikajibu, "Hakuna kilichobadilika, ila sasa anakula kwa uangalifu kuliko zamani." Nililisema kwa fahari kidogo. Zawadi alitafsiri nusu ya kwanza tu. Nilidhani mtoto amechoka.

Kisha wakaleta dawa ya kukudunga, na muuguzi akataja jina lake: vitamini K. Nilisimama. Nikamwambia Zawadi, "Waambie wanakosea! Hicho ndicho alichokatazwa!" Yeye akanishika mkono: "Papa, tafadhali. Waache wafanye kazi yao." Waliendelea, wakaleta na dawa nyingine, na siku ya pili alfajiri vali yako ikanyamaza. Niliujua ule mlio. Nilijua umekufa kabla mashine yao haijasema.

Kwa hiyo nikakuzika nikiwa na mkosaji mkononi: watu wa hospitali. Walimpa kile kile alichokatazwa. Nililisema hilo makaburini. Nililisema kila Jumapili mezani, Zawadi akiwa ameketi mbele yangu na sahani ambayo haikupungua. Jinsi nilivyozidi kulisema ndivyo alivyozidi kukonda, nami nikadhani tunaomboleza pamoja.

Jumapili moja, ni wiki tatu sasa, akaweka uma chini. "Papa, usiwaseme tena watu wa hospitali. Ni mimi." Akaniambia kwamba Jumamosi ile, siku moja kabla hujaanguka, alikuletea sombe katika kisanduku cha kifuniko cha bluu. Mimi nilikuwa chini nafua. Ulikula vijiko vinne mkiwa mmesimama kando ya sinki, mkicheka kama wasichana wa bweni, nawe ukamwambia, "Mwalimu akituona atatupatia punition." Kisha ukakiosha kisanduku mwenyewe ili nisione.

Kwa hiyo ulijaribu kuniasi. Ulichelewa tu.

Unajua nilimjibu nini mtoto wetu? Niliinuka nikaenda hadi kwenye friji nikagonga ile orodha kwa kidole. Nilisema, "Niliandika. Niliandika kwa herufi kubwa. Umemuua mama yako."

Hakulia. Alichukua koti lake akatoka. Tangu siku hiyo hapokei simu. Maman Charlotte, yule rafiki yako wa kwaya, alimwona kwenye metro akasema nguo zinamning'inia mwilini na kwamba pale anapolea watoto wadogo wamempa likizo apumzike. Apumzike kutoka kwenye nini? Kutoka kwenye maneno yangu hawezi kupewa likizo.

Nami, badala ya kumfuata, nilitaka ushahidi. Ndivyo nilivyo. Nilitaka kutoa nakala ya karatasi ya dawa, na mstari wangu mwekundu, nimpelekee kwa posta. Nikaitoa kwenye droo yako. Nilipokuwa nainyoosha ilale vizuri, ikageuka.

Upande wa pili, juu kabisa, umeandikwa hivi: usibadilishe ghafla namna yako ya kula. Kama umezoea kula mboga za majani, endelea. Ukitaka kuongeza au kupunguza, mwambie kwanza daktari wako ili dawa irekebishwe.

Niliisoma kwa kamusi mara tatu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuomba niwe sijaelewa nilichokisoma.

Nikaenda kwa Pascaline, yule binti wa Lubumbashi anayefanya kazi katika duka la dawa kwenye kona, uliyekuwa ukimwita mutoto wetu. Nilifika na karatasi mkononi na nadhani sura yangu ilimtisha, maana aliacha wateja kwa mwenzake. "Bon, papa, ikala kwanza." Nikaketi. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Sikumsahihisha hata moja.

Aliniuliza tunafulia wapi. Nikasema chini ya nyumba. Akasema, alors, fikiri kwamba ndani ya ini mna jiko, na mna wapishi wanaopika kile kinachofanya damu igande. Wapishi hao hawaruhusiwi kupika bila aproni safi, na aproni hiyo ndiyo vitamini K. Kila wakipika, aproni inachafuka, wanaitupa kwenye mashine ya kufulia, inatoka safi, wanaivaa tena. "Sasa dawa ya maman inafanya nini? Haiingie mu damu na kuifanya maji, hapana. Inaenda mu ini, inaikala ndani ya ile mashine, mashine inakwama. Aproni chafu zinabakia chafu. Wapishi wanakosa kazi. Njo vile dawa inatumikaka."

Nikauliza, na mboga?

"Mboga inaletaka aproni mupya, papa."

Aliendelea kusema, lakini nilikuwa nimekwisha kufika. Kwa miaka saba ulikuwa ukileta aproni mpya kila wiki, kikapu kwa kikapu, na daktari alikuwa ameipima dawa yako sawasawa na kikapu hicho. Dawa ile ilikuwa na nguvu ya kumtosha mwanamke anayekula sombe. Mimi nikaondoa sombe na nikaiacha dawa palepale. Mashine ikiwa imekwama na kikapu kikiwa kitupu, wapishi wakasimama. Ndiyo maana ufizi. Ndiyo maana mkono.

Nilimwambia, "Lakini nilifanya hivyo ili asife." Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuistahili. "Najua, papa. Lakini dawa haina akili. Haijue kama unapenda bibi yako. Inatafuta kiti yake, inaikala, njo vile."

Nikamuuliza kuhusu vitamini waliyokudunga. Akasema walifanya vizuri, walikuwa wanawarudishia wapishi aproni kwa haraka. Kile ambacho walikuwa wanakimbiza koridoni kwa sindano, Mama Zawadi, ndicho kilichokuwa katika sufuria yako, bure, kwa miaka saba. Nami nilisimama nikawapigia kelele waache.

Kisha nikauliza la mwisho. Vijiko vinne vya sombe, siku moja kabla. Akashangaa. "Vijiko quatre? Ile haiue muntu, papa. Kama ilifanya kitu, ilikuwa inamusaidia. Lakini ilikuwa kidogo sana, na ilichelewa."

Nikamwambia aniambie basi waziwazi kama ni mimi.  "Mi siko docteur wake. Siwezi kukuambia oui, siwezi kukuambia non. Pengine kulikuwa na kitu ingine." Akaniletea maji katika kikombe cha karatasi. Nimeishi na watu wa kusema ukweli na watu wa kufariji, najua tofauti yao. Alikuwa mtu wa kusema ukweli anayejaribu kufariji.

Kesho yake nilikimbia kwa Maman Charlotte. Naye anameza dawa ile ile, na baada ya mazishi aliniomba nakala ya orodha yangu, nami nikamwandikia kwa mwandiko mzuri. Nilipanda ghorofa nne bila kupumzika. Orodha ilikuwa imebandikwa kwenye friji yake, na chini yake, juu ya jiko, kulikuwa na sufuria ya matembele. Nikamwambia aitoe orodha, azungumze na daktari wake, asibadilishe kitu. "Ah bon? Orodha gani? Ile? Mwalimu, ile niliweka ya heshima tu! Nilikuwa naendelea kula. Ulitaka nife njaa?" Akacheka akashika meza. Nikamwitikia kwa kicheko, sijui kilitoka wapi. Aliniuliza kwa nini nimegeuka. Nikasema karatasi za dawa zimebadilishwa. Nilimdanganya, mtu mzima mimi, na mvi zangu. Yeye yu hai kwa sababu hakunisikiliza. Kwenye ngazi zake nilikaa chini mpaka mpangaji mmoja akaniuliza kwa Kiarabu, kisha kwa Kifaransa, kama namhitaji daktari.

Mara ya kwanza kwenda kwa Zawadi nilifika hadi kituo chake, nikaona jengo lake, nikavuka jukwaa nikarudi na metro iliyofuata. Mara ya pili nilifika mlangoni. Nilisimama mbele ya vile vitufe vya kengele na majina ya watu. Jina lake ameliandika kwa mkono, kwa zile herufi nilizomfundisha mimi kwenye meza ya kule Kigoma, kabla hatujahamia huku ughaibuni, nikimpiga kwa rula vidoleni zikilala vibaya. Niliweka kidole kwenye kitufe bila kukibonyeza. Nilikuwa nafikiri hivi: sasa hivi anajichukia yeye. Nikibonyeza, atanichukia mimi. Na nikasita! Mama Zawadi, nilisimama pale nikipima kama nimwache mwanangu aendelee kubeba kifo chako ili mimi nisipoteze mtoto. Nilipima kwa dakika nyingi. Kisha nikarudi nyumbani nikalala na viatu.

Siwezi kupata mtu wa kumwambia hilo isipokuwa wewe. Padri atanisamehe haraka mno. Wewe hukuwa mtu wa kusamehe haraka. Ulikuwa unanuna siku tatu kamili, unapika, unaniwekea sahani bila neno, na siku ya nne unauliza kama nataka chai. Nipe hizo siku tatu. Nipe mia. Lakini hutaniwekea sahani, na siku ya nne haitafika. Najikuta nikinyamaza ghafla jikoni ili nisikie kama vali inalia.

Nilitaka sana kuwa sahihi. Nilidhani mtu akiwa sahihi, wale anaowapenda wako salama. Darasani ilikuwa hivyo. Kosa unalipigia mstari, mtoto analiandika upya, hakuna anayekufa. Nikakuletea darasa nyumbani. Nilisahihisha ulimi wako, nikasahihisha redio yako, mwisho nikasahihisha sahani yako, na mwili wako, ambao ulikuwa umekwisha kupatana na dawa yake bila kuniuliza mimi, haukuweza kuandikwa upya.

Mvuke umepungua. Nimeinuka nikaangalia; majani yamekuwa laini na yamebadilika rangi kama yalivyokuwa yakibadilika kwako. Sasa ninatia mawese, na kitunguu, na samaki mkavu niliyemchambua vibaya. Hayatakuwa mazuri. Sijawahi kuyapika. Zawadi atajua kutoka kijiko cha kwanza kwamba si mkono wako, na hilo ni sawa, maana leo sitaki kumdanganya hata kwa chakula.

Orodha nimeitoa kwenye friji. Imeacha mraba mweupe, nami nitauacha hivyo. Nimeiweka mfukoni pamoja na karatasi ya dawa, ili aone kwa macho yake mstari wangu unapoishia na upande wa pili unapoanzia.

Haya ndiyo ninayokuahidi. Nitabonyeza kengele. Asipofungua, nitayasema kwenye kile kipaza sauti cha mlangoni, kwa sauti, hata watu wakiwa nyuma yangu wanasubiri kuingia. Neno la kwanza litakuwa kwamba si yeye. La pili litakuwa kwamba vijiko vile vinne ndivyo kitu pekee chema ulichopewa katika nyumba yetu wiki zile. La tatu ni langu, nalo nitalisema lote, hadi pasi. Sitamwomba msamaha leo. Nikimwomba leo nitakuwa nimemtwika mzigo mwingine kabla hajautua wa kwanza. Nitaweka kisanduku mlangoni na kusubiri kwenye ngazi kwa muda atakaoutaka yeye. Na Jumapili, baada ya misa, nitamwambia Maman Charlotte na wale wengine wanaomeza dawa hii kwamba karatasi hazikubadilishwa. Ni mimi niliyesoma upande mmoja.

Huenda nikarudi hapa jioni nikiwa sina mtoto. Ninaogopa. Lakini nikirudi hivyo, yeye atakuwa amelala Anderlecht usiku huu bila kuwa muuaji wa mama yake.

Pumzika, mke wangu, muntu wangu. Nimelisema, na hapa ndani hakuna mgeni.

Sombe imeiva. Nimezima jiko. Sasa ninaifunika, ninavaa koti.

Mume wako,
Mwalimu